Mbenga ya Kukola

Mwezi uliopita niliteremka mto hadi Yanonge kwenye matanga ya Médard, na kwa kuwa mashua yetu ilisimama kila mahali palipokuwa na mtu wa kusalimia, nilipata muda wa kutosha wa kuwadharau watu wote niliowahi kufanya nao kazi. Ni jambo ninaloliweza. Wanafunzi wangu wa sayansi pale Kisangani huniita Mama Prof wakiwa mbele yangu na Pilipili nikishageuka. Nimewasikia na sijawahi kukasirika, kwa sababu jina la pili nililipata kwa jasho langu mwenyewe. Ndani ya mashua mwanamke mmoja aliyebeba kuku wanne aliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikamwambia tulisoma pamoja. Akaguna, akasema pole mama, akarudi kwa kuku wake. Tulisoma pamoja, ndiyo. Pia tulipanga pamoja, mwaka mzima, bwawa la kioo lenye majani ya majini kwa ajili ya samaki mkali kuliko wote katika mto huu. Jinsi mwaka ule ulivyoisha nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, kwa kuwa nilidhani tunaojua ni wawili tu, yeye na mimi, na yeye sasa alikuwa amezikwa.

Ulikuwa mwaka ambao mashua zilianza tena kupanda na kushuka baada ya vita, na mjini kila mwenye chochote alikuwa akijenga. Papa Gaspard alikuwa na kila kitu. Alitajirika namna watu walivyotajirika miaka ile, yaani bila mtu kuuliza, akajenga hoteli ya ghorofa mbili huko Makiso, inayotazama mto, kisha akagundua kwamba wageni wakishautazama mto robo saa wanachoka. Aliwahi kulala katika hoteli ya nchi ya mbali, na ukumbini humo palikuwa na ukuta wa kioo wenye samaki. Hakukumbuka jina la mji wala la nchi, alikumbuka kioo. Sasa alitaka cha kwake, ila si cha visamaki vya rangi. "Ile ya mapambo iko ya banamuke," alituambia. "Miye nataka mbenga." Kwa asiyemjua, mbenga ni samaki wa Mto Kongo mwenye meno marefu yasiyofichika hata akifunga mdomo, akikomaa anakuwa mrefu kama mtoto wa miaka kumi, na wavuvi humpiga rungu kwanza ndipo wamwingize mtumbwini. Papa Gaspard alitaka wawili au watatu, wapite nyuma ya migongo ya wageni wakati wa kula, katikati ya majani mabichi, ili wageni waone msitu na mto bila kuinuka vitini. Mto wenyewe ulikuwa hatua hamsini kutoka pale, tena wa bure.

Mtu wa sayansi aliyempata alikuwa mwalimu wetu wa viumbe wa majini, Anicet, mwenye cheo cha chef de travaux, ambaye kila mtu alimwita CT, hata mke wake. Nilimdharau CT kuanzia wiki ya kwanza ya masomo. Alitufundisha mito ya nchi yetu kwa daftari alilolinakili yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi, na katika miaka yote ile sikuwahi kuona soksi zake zimelowa. Alijua jina la Kilatini la kila samaki, na sokoni alidanganywa kuhusu kila samaki. Alituchukua wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, mimi na Médard, tumfanyie kazi yote, na akatuambia waziwazi tunagombania nini. "Bon. Fakalti itakamata assistant moya tu. Moya. Mwenye kazi yake hapa itaenda muzuri, njo huyo." Atakayekosa nafasi ile angerudi kwao kufundisha sekondari, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba sitarudi Kindu na chaki mkononi. Médard naye aliitaka. Hakusema, lakini alikuwa akifika fakalti kabla ya mlinzi.

Médard alikuwa mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mrefu, mtaratibu wa kusema hadi unatamani kumsukuma. Nyumbani kwao walisema lugha yao ya mtoni, mjini akajifunza Lingala, na Kiswahili akakijaza yote mawili. Mimi mtoto wa Maniema, niliyedhani Kiswahili kilizaliwa kwetu, nilikuwa nikimcheka mbele ya watu. Aliniita "mama Zaina", kwa heshima tu, jinsi kwao wanavyoita msichana wanayemheshimu, nami nikamjibu kwamba mimi si mama wa mtu. Akasema, "D'accord, mama Zaina." Siku ile nilidhani ni mjinga.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha kulia cha hoteli, kabla hakijapakwa rangi. Kilinuka saruji mbichi na petroli ya jenereta, na madirisha yalikuwa bado mashimo, kwa hiyo upepo wa mto uliingia na kutupeperushia michoro. Tuliibana kwa sahani. Saa sita wapishi walikuja kuzichukua sahani zao, wakatuwekea chakula juu ya michoro ileile, na nikitaka kukumbuka mpango wa bwawa lile hadi leo naukumbuka ukiwa na madoa ya mawese. Papa Gaspard alitulisha lituma, ile ndizi iliyopondwa ya Kisangani, na pondu, yaani kisamvu, na mpiodi, samaki wa barafu anayetoka baharini kwa meli na ndege hadi kwetu sisi tuliokaa juu ya mto. Aliona ni heshima kutupa samaki aliyesafiri. Médard alimgeuza yule mpiodi kwa kijiko, akamtazama macho yake meupe. "Hii samaki imekufa mara mbili," akasema, kisha akala, kwa sababu alikuwa na adabu. Upande wa pili wa ukuta tulimsikia Papa Gaspard akimweleza mgeni kwamba mbenga wake watakula kuku wazima, asubuhi kuku, jioni kuku, na kwamba mipango yote imetoka Ulaya. CT alikuwa naye mle ndani, na tulimsikia akiitikia kwamba ndivyo kabisa, "Tout à fait, tout à fait."

Nitasema ukweli kuhusu mpango ule: ulikuwa mzuri, na nusu iliyo nzuri haikuwa yangu. Hesabu zilikuwa zangu. Urefu mita tano, upana mita mbili, saruji pande tatu na kioo upande mmoja tu, maana vioo vingine vilifika vimevunjika. Mapipa ya kuchujia maji kwa changarawe, mchanga na makaa. Maji ya mto yakae kwanza yatulie. Jenereta kando, kwa kuwa umeme wa mjini ulikuja ulipojisikia. Halafu nikachora majani kila mahali, msitu mtupu, jinsi patron alivyotaka. Médard aliutazama mchoro wangu siku mbili bila kusema. Siku ya tatu akachukua kifutio.

"Mbenga haizungukake, mama Zaina. Inaenda droit. Ukimutilia majani katikati, ataogopa, atapiga kichwa kwa kioo."

Akaacha njia tupu katikati, kutoka mwisho hadi mwisho, na majani akayasukuma nyuma na pembeni. Akasema tusipande kitu mchangani, kwa kuwa samaki wa ukubwa ule akigeuka mara moja mkia wake unang'oa shamba zima. Tuchukue majani magumu, yale yanayoshika mawe, tuyafunge kwa uzi wa nyavu kwenye magogo mpaka mizizi yao ijishikilie. Na akasema tusilete mbenga mkubwa. Mkubwa ameuzoea mto, atakufa kwa hasira. "Tutafute kadogo, kama mukono hivi. Ikole mule mule." Kukola ni neno la Lingala, maana yake kukua, na Kisangani tunalichomeka katikati ya Kiswahili bila kufikiri. Nililipenda neno lile. Nikaandika kwa herufi kubwa juu ya mchoro, Mbenga ya kukola, na chini yake nikaandika jina langu. CT alipoona ile njia ya katikati alipiga meza. "Ah, Zaina! Uko na idée!" Ningeweza kusema ni ya nani. Médard alikuwa amekaa mita moja kutoka kwangu, akichonga penseli, na aliendelea kuchonga.

Majani yalikuja kwa ndege. Papa Gaspard alikataa katakata kwamba kitu chenye thamani kinaweza kuota karibu, akaagiza sanduku kutoka Ulaya, na siku lilipofika alituita wote, pamoja na waashi, tuje tushuhudie. Ndani mlikuwa na vifuko vya plastiki, na ndani ya vifuko mlikuwa na uji wa kijani, kwa sababu sanduku lilikaa Kinshasa juani muda ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Vifuko vichache tu vilikuwa na majani yanayotambulika, na CT akasoma kibandiko kwa sauti ya misa: Anubias. Médard akainama, akashika jani moja jeusi lenye ugumu wa ngozi, akalinusa.

"Mais hii iko kwetu. Iko kwa kijito, kwenye bibi analowekaka mihogo."

"Hizi ziko na jina la Kilatini, Médard," nikamwambia.

"Ya kwetu pia iko nalo labda. Hawajaiambia tu."

Waashi walicheka, na mimi nikachukia, kwa sababu alisema kweli na kwa sababu ningepaswa kuyatambua mimi, niliyefaulu mtihani wa mimea kuliko wote. Wiki hiyo akapanda baiskeli kwenda njia ya Banalia, kwenye kijito kama kile cha bibi yake, akarudi na magunia mawili yanayochuruzika maji, anubias na jani jingine la namna ya jimbi lenye kushika jiwe. Tuliyafunga kwenye magogo kwa siku nne, tumekaa ndani ya bwawa tupu, vidole vikitukatika kwa uzi. Papa Gaspard aliwaonyesha wageni kazi yetu akiwaambia ni majani ya Ulaya. CT alijua, mimi nilijua, na wote wawili tuliitika kwa kichwa. Jioni zile bwawa likijazwa maji na taa zikiwashwa, majani ya bibi yake Médard yalikuwa mazuri kiasi kwamba hata mimi nilinyamaza.

Wakabaki samaki. Ufunguzi ulikuwa umepangwa, wakubwa wa mji wamealikwa pamoja na wageni wa mashirika, na mtu aliyeweza kutupatia mbenga alikuwa baba yake Médard, Papa Bosenge. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa mjini tu. Yanonge ulizungumza nayo kwa phonie, ile redio ya kupokezana, unasema kisha unasema "à vous" na kumwachia mwenzako. Phonie yetu ilikuwa nyuma ya duka moja, chumba kidogo chenye benchi, na kwenye benchi walikaa wafanyabiashara wakisubiri zamu na kusikiliza mambo ya kila mtu. Papa Bosenge alikuwa ameitwa aje upande wake saa nne. Médard akashika kipaza sauti, akaanza kusema na baba yake kwa lugha yao. Kwenye benchi wanawake wawili wa kwetu Maniema wakatazamana, mmoja akasema, "Banaongea sawa ndege," wakacheka, na mimi nikaona aibu. Naomba nieleweke: si yeye aliyeona aibu, ni mimi, kwamba watu wa kwetu wataniona nimekuja na huyu. Nikamnyang'anya kile kipaza sauti.

"Papa, jambo! Miye ni wa projet ya hoteli. À vous."

"Jambo, mama. Nakusikia. À vous."

"Patron anataka mbenga mbili. Lakini ya kukola, papa. Ya kukola! Iko kwa fête ya wakubwa. Na uilete muzima, muzima kabisa. À vous."

Redio ikapiga mluzi, ikakwaruza. Ndani ya makwaruzo sauti ya mzee ikasema maneno ambayo mimi niliyasikia nusu: ya nini, kwa wakubwa, muzima, tusikate, bien compris. Nilishika "bien compris", yaani nimeelewa vizuri, nikatosheka. Médard akanivuta mkono wa blauzi.

"Mama Zaina, umurudilie. Sijue kama amesikia o ao u."

"O ao u ya nini? Papa yako hasikie?"

"Anasikia. Lakini—"

"Terminé!" nikasema kwenye kipaza sauti, na fundi akakata. Kesho yake Médard alimwomba CT ruhusa ateremke Yanonge mwenyewe akahakikishe. CT akaniuliza mimi, na nikasema majani yatateseka akiondoka. Majani hayakuwa na shida yoyote.

Siku ya ufunguzi chumba cha kulia kilikuwa kimepakwa rangi ya krimu, meza zina vitambaa, na nyuma yake bwawa liliwaka kijani, lina majani, magogo, ile njia ya katikati, na halina samaki. Papa Gaspard aliwaeleza wageni kwamba samaki wako njiani, na mchana kucha alikuwa akitoka nje kutazama mto, mto uleule aliosema unachosha. Mnamo saa tisa watu watatu wakaingia mlangoni. Mbele alikuwa mzee mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na nyuma yake vijana wawili wamebeba ubao begani, na juu ya ubao, chini ya majani ya migomba, kulikuwa na kitu kirefu. Mzee akaondoa majani mwenyewe. Alikuwa mbenga, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, amenyooka kutoka kichwa hadi mkia, meusi magamba yake na yanang'aa kwa mafuta, meno yote yapo. Alikuwa ameokwa kwa moshi.

"Bon," Papa Gaspard akasema taratibu. "Na ile ya muzima iko wapi?"

"Njo hii, patron," Papa Bosenge akajibu kwa furaha. "Muzima. Ya pili tulikosa, lakini hii hatukukata hata mukia. Kichanja yetu ilikuwa mufupi, tukajenga ingine. Siku tatu moto haikuzima. Mama alisema ya kukula kwa fête ya wakubwa, muzima kabisa."

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Mimi nilisema kukola, kwa o, neno la kuazima lisilo langu. Naye, kwa kunipa heshima, alinisikiliza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili cha kwetu Kisangani kukula, kwa u, ni kula. Nilisema muzima nikitaka aliye hai. Yeye akaelewa asiyekatwa, maana ndivyo pia neno lilivyo. Samaki wa ukubwa ule hakuna anayemwoka mzima, hukatwa vipande. Kijiji kilifanya kazi siku tatu kwa sababu ya neno langu. Nyuma ya mzee wageni walikuwa wameanza kucheka, kicheko kile cha watu walioshiba wakimwona mtu wa kijijini, na mmoja akauliza kama kuna mto wa kumrudishia uhai. Papa Gaspard alibadilika rangi. CT akatugeukia sisi wawili.

"Nani aliongea na papa kwa phonie?"

 Niliiona ile nafasi ya fakalti, niliiona Kindu, niliiona chaki. "Ni Médard, CT," nikasema.

Papa Bosenge akanitazama. Hakunitazama machoni, alinitazama mdomo. Akafungua wake aseme, na Médard akamgusa kiwiko, akamwambia maneno machache kwa lugha yao, taratibu kama kawaida yake. Mzee akafunga mdomo. "Ni miye, CT," Médard akasema. CT akajibu kwamba hilo halimshangazi, kwa sauti ya kusikika hadi meza za mwisho, na nafasi ya assistant iligawiwa pale pale, ingawa karatasi zake zilichukua miezi.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya hadi leo nisiwe na heshima kwa mtu yeyote aliyekuwa mle ndani. Mkubwa mmoja akasogea, akamnyofoa yule samaki shavuni kwa vidole, akaonja, akafumba macho. Akamwita mwenzake. Ndani ya nusu saa kuku wa Ulaya walikuwa wamepoa kwenye sinia na watu walewale waliocheka walikuwa wakigombania mgongo wa mbenga kwa mikono, mafuta yakiwatiririka hadi kwenye saa zao, na Papa Gaspard akipita meza hadi meza akisema kwamba ndio mpango wenyewe, surprise. Hakuna aliyemtafuta Papa Bosenge kumwambia asante. Nilimwona nje, amekaa kwenye ngazi na mwanawe. Mpishi aliniletea kipande. Nikamwambia tumbo linauma. Sikuweza kula, na afadhali niseme ilivyokuwa: niliogopa.

Bwawa lile halikudumu. Baadaye mtu mwingine aliwaletea mbenga hai, ila patron alikuwa ameshajaza majani ile njia ya katikati kwa kuwa aliiona imekaa uchi, na samaki alipiga kioo kwa kichwa siku nzima, umeme ukakatika, jenereta ikakataa, basi. Nilikwenda mimi, assistant mpya mwenye koti jeupe, kuandika ripoti kwamba maji yalikosa hewa. Leo mle ndani wanaweka kreti za bia. CT amestaafu na bado anasimulia kwamba yeye ndiye wa kwanza kumfuga mbenga katika jimbo. Papa Gaspard alihamia Kinshasa. Mimi nilipanda, cheo baada ya cheo, na kila mwaka nafundisha somo moja kuhusu mazingira ya samaki wakubwa walao wengine, nachora ubaoni ile njia tupu katikati, na wanafunzi huandika jina langu kando yake. Médard alifundisha biolojia sekondari ya Yanonge hadi alipougua. Tulikutana mjini mara chache, kwenye mitihani ya taifa. Alikuwa akiniita mama Zaina kama zamani, akiniuliza habari za maabara, na hakuwahi, hata mara moja, kulitaja bwawa. Nilimshukuru kwa hilo moyoni, na pia nilimdharau kidogo, nikidhani ni mtu asiye na kumbukumbu ya ubaya.

Matangani walikuwa wametandika turubai kubwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki, wanafunzi wake wa zamani wakiimba. Papa Bosenge alikuwa kwenye kiti cha mbele, mzee sana sasa, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Nikapiga magoti nikashika mikono yake, kama ningemshika mzee yeyote.

"Pole sana, papa. Nimetoka Kisangani. Tulisoma na marehemu."

Mikono yake ikatulia ndani ya yangu. "Ongea tena, mama."

"Nasema pole, papa."

"Njo ile," akasema. "Sauti ya phonie."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa hilo. Nilikuwa nimesahau, mimi mtu wa sayansi, kwamba phonie ina pande mbili, na kwamba upande ule alikuwepo mtu mwenye masikio, aliyesikia msichana akimwamuru, kisha akasimama katika chumba cha kulia akasikia msichana yuleyule akisema ni Médard. Watu waliokuwa karibu walikuwa wakisikiliza. Nikasema, kwa sauti, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya, "Ni miye, papa. Ni miye niliongea, na nilidanganya."

"Najua. Kwa phonie ilikuwa mwanamuke. Mutoto yangu haikuwa mwanamuke." Kuna aliyecheka kidogo.

"Siku ile alikuambia nini, papa? Pale hotelini, kwa lugha yenu."

Mzee akafikiri, au labda alikuwa akitafuta maneno ya Kiswahili yanayonifaa. "Aliniambia: umuache, hajue kuongea."

Hayo tu. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini kwanza niliona hasira, hasira ya kweli, kwamba mtu niliyemcheka Kiswahili chake alinipima kwa maneno matatu akaona sifai hata kugombana nami, kisha akaishi miaka ishirini na kitu bila kubadili hukumu. Halafu hasira ikaisha na nikabaki na aibu, ileile niliyoikimbia kwenye benchi la phonie, safari hii ikiwa imenipata mimi, mwenyewe mwenye nayo. Mke wa marehemu akanisogezea kiti, akaniwekea sahani magotini: kwanga, ule mkate wa mihogo, na kipande cha samaki wa moshi ndani ya mosaka, ule mchuzi wa mawese. Wote walikuwa wananitazama. Papa Bosenge alisikia sahani ikitua, akainama upande wangu.

"Kula, mama," akasema. "Hii iko ya kukula."

Alilitamka neno lile polepole, na u zake zote mbili, jinsi mtu anavyomfundisha mgeni. Nikala.